Mwenye Makaratasi

Kati ya watoto watano wa Mama Petra Carrizales, mwenye makaratasi ya Marekani ni mmoja tu, Domitila, na hata yeye hakuyatafuta. Yalimjia kwa ndoa. Marehemu mumewe, Rosalío, alizaliwa upande wa Texas kwa sababu uchungu ulimshika mama yake katikati ya shamba la vitunguu, basi. Wale wanne wengine, yaani Encarnación ambaye sote tunamwita Chon, halafu Ladislao, Fermín na kitinda mimba Amparo, walivuka mto wa mpakani kwa njia zao, na mtu aliyevuka kwa njia hizo akirudi kwao ndiyo karudi moja kwa moja. Wana watoto Houston, wana kazi, wana nyumba za kupanga. Hawatoki.

Kwa hiyo akitoka mtu, ni Domitila. Harusi kijijini La Biznaga, kule Mexico, Domitila. Ubatizo, Domitila. Mjomba kafa, shangazi kafa, binamu kaangukiwa na ukuta wa kisima, Domitila anaomba ruhusa kazini, anapakia pikapu, anashika njia. Amezika watu tisa kwa niaba ya ukoo mzima. Na haendi mikono mitupu, nani atamwacha? Huyu analeta godoro la shangazi, yule sanduku la viatu, mwingine friji ndogo, na kila mmoja anaapa kuwa chake ni kidogo tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hata jina lake waliliazima, kama sufuria kubwa ya shughuli ambayo haijulikani tena ni ya nani, na jina hilo ndilo lililomkwamisha.

Mama Petra alikufa siku ya Jumanne asubuhi, akiwa na miaka themanini na moja, bila kumsumbua mtu. Domitila alipata habari akiwa kazini. Anafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, anakunja mashuka. Simu ilipokatika alirudi kwenye meza yake akamaliza zamu. Wenzake walidhani hajaelewa. Alielewa vizuri sana, ila kitu ndani yake kilikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, na tangu hapo akawa anapagusa mahali penye uchungu bila kuukuta uchungu. Alikula, akalala, akaulizwa kama amelia, akasema bado.

Angeondoka jioni ileile. La Biznaga hakuna jokofu la maiti, mtu akifa leo anazikwa kesho, na kwa pikapu angewahi. Aliyemzuia ni Chon. Mimi Chon nampenda, ni mchapakazi na hana neno na mtu, lakini siku ile alinikera. Yeye ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza ngazi za majumba ya watu, na akaja na shauri la kumtengenezea mama msalaba wa chuma kwa mkono wake.

"Ningoje niumalize, dada," akamwambia. "Mimi siendi. Angalau kazi ya mkono wangu ifike."

Angemwambiaje hapana? Akangoja. Mama Petra akaingia kaburini siku ya Jumatano, na binti yake mkubwa, ambaye peke yake angeweza kuwepo, alikuwa Houston anakunja mashuka. Chon alichomelea siku sita, kila jioni akitoka kazini, anakata, anasugua, anabomoa anarudia. Ndugu zake watatu walikuja kuushika ukiwa bado wa moto. Jumanne usiku ukaisha: mrefu kama mwanamume, mabomba ya mraba, jina la mama na tarehe zake mbili vimechongwa kwenye kibati katikati. Wakauviringisha katika blanketi lenye picha ya chui, wakaufunga kamba pikapuni juu ya godoro na mengine yote.

Muda ulikuwa umebana, lakini ulitosha. Kwetu, maiti ikitolewa chumbani, pale lilipokuwa jeneza panamwagwa chokaa kwa umbo la msalaba, na chumba hakifagiliwi. Watu wanasali rozari jioni tisa mfululizo. Jioni ya tisa rozari inaanza saa kumi na moja kamili, na ikiisha ule msalaba wa chokaa unainuliwa kutoka sakafuni, unawekwa ndani ya boksi, na asubuhi yake unapelekwa kaburini pamoja na msalaba wenyewe wa kusimikwa. Hapo ndipo marehemu anaaga kweli. Msalaba wa kusimikwa lazima uwepo chumbani jioni hiyo, ulale kando ya ule wa chokaa. Na jioni ya tisa ilikuwa Alhamisi. Domitila alikuwa amekosa maziko, hili hangelikosa. Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayetaja saa ya basi.

Jumatano, saa nne asubuhi, alikuwa darajani Laredo.

Foleni ilikuwa ya kawaida, maana yake ni kwamba watu walikuwa wamezima injini na wengine wameshuka kununua maji. Aliitambua ile harufu ya breki na ya chapati za tortila za jana na hakuhisi lolote. Alipofika mbele, ile taa inayoamua nani apite na nani apekuliwe ikamwakia nyekundu. Katika safari zake zote imemwakia kijani mara tatu, kwa hiyo hata hakuguna. Akaegesha pembeni, akafungua turubai.

Afisa wa forodha alikuwa kijana mwenye adabu na kalamu mbili mfukoni. Alipitia godoro, akapitia viatu, akakuta chui. Akalifunua blanketi, akasimama.

Akataka risiti ya ule msalaba. Domitila akamwambia hauna risiti, umetengenezwa na ndugu yake. Afisa akasema, kama hauna risiti basi ni bidhaa ya chuma isiyo na thamani iliyotajwa, na lazima thamani itajwe. Akamuuliza ni pesa ngapi, na Domitila akamjibu hajui. Kweli hakujua. Ndugu wanne wameshika chuma cha moto kwa ajili ya mama yao, utakiandika bei gani? Afisa akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa wake alikuwa anakula. Ikapita saa, ikapita nyingine. Domitila akakaa juu ya ukingo wa pikapu, mgongo wa chui ukiwa umemwegemea, akitazama magari yanavyopekuliwa. Kuna mama mmoja alikuwa anatolewa wanasesere mmoja mmoja.

Mkubwa alipokuja, mzee mnene mwenye kofia, aliinama akakisoma kile kibati. Akasoma jina. Akasoma tarehe ya pili, akahesabu kwa vidole vyake kimyakimya. Kisha akavua kofia.

"Kesho ndiyo ya tisa?" akauliza.

"Kesho."

Akamwambia yule kijana agonge muhuri, na muhuri ukagongwa, na Domitila akapewa karatasi ya kuonyesha kuwa mzigo umeshakaguliwa. Ilikuwa saa nane mchana. Angeweza kumshukuru zaidi yule mzee. Alisema asante tu, akaenda kupanga foleni ya pili, ile ya kibali cha gari.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Gari la nje linaruhusiwa kuzurura mpaka kwenye kizuizi cha kilomita ya ishirini na sita. Kupita hapo lazima uwe na stika kwenye kioo cha mbele, inayotolewa pale dirishani kwa jina la mtu, jina moja gari moja. Ukitoka na gari unairudisha stika. Usipoirudisha, kwao gari halijatoka. Domitila kwa kawaida alikuwa anaiacha pikapu upande wa Texas na kupanda basi, au anakwenda na gari la shemeji mwenye kibali chake. Mara hii, kwa ajili ya msalaba, alikuwa anaomba kibali kwa jina lake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Ndivyo alivyodhani.

Msichana wa dirishani aliandika jina, akangoja, akaandika tena. Akageuza uso kidogo, kama mtu anayetafuta namna ya kumwambia mgeni kuwa chakula kimeisha.

"Mama, mfumo unaonyesha una gari ndani ya Mexico. La bluu. Liliingia miaka kumi na moja iliyopita."

Domitila akalikumbuka gari la bluu papo hapo. Lilikuwa la Chon. Chon alitaka mama awe na gari la kumpeleka kliniki, na kwa kuwa yeye hana makaratasi, akamwambia dada yake, saini tu hapa, ni jina tu. Akasaini. Akaliendesha mpaka La Biznaga, akamwachia binamu yao Goyo funguo, akarudi kwa basi. Stika ikabaki kiooni. Nani kati yetu hajafanya hivyo? Nenda kijiji chochote kule juu uone magari yenye stika zilizopauka hadi zikawa nyeupe, kila moja na jina la shangazi fulani wa Dallas aliyesahau. Gari linakaa, linazeeka, kuku wanataga ndani yake. Hakuna anayefikiri kuwa mahali fulani, ndani ya mashine fulani, mtu bado anangojwa.

"Kwa mfumo," akasema yule msichana kwa upole, "wewe bado hujatoka."

Dawa yake ilikuwa moja, akaelezwa. Gari la bluu lije mpaka hapa, stika ibanduliwe, livuke daraja litoke. Hapo jina lake litakuwa safi na kibali kipya kitatolewa siku hiyohiyo. Domitila akauliza kama kuna njia nyingine. Msichana akasema anaweza kuandika barua, zinajibiwa ndani ya wiki sita.

Alitoka nje akampigia Chon. Chon alikuwa juu ya ngazi ya mtu, kelele za mashine nyuma. Alipoelewa akaanza kujilaumu kwa sauti kubwa, eti yeye ndiye, eti yeye daima ndiye. Domitila alimsikiliza akiwa ameishika simu mbali kidogo na sikio. Hakuwa na hasira naye. Angependa kuwa nayo.

"Nakuja," Chon akasema. "Ni mwendo wa saa tano tu, saa tatu usiku niko hapo. Mimi ni Mmexico, nani atanizuia kuingia kwetu? Tutaubeba wote."

"Utaingia," Domitila akasema. "Nani atakutoa?"

"Sijali."

"Watoto wako wanajali. Mimi, Chon, nimezika watu tisa. Wewe nitakuja kukuona kwa ruhusa ya kazini, mara mbili kwa mwaka, mpaka nife. Shuka kwenye ngazi unywe maji."

Chon alilia kwenye simu. Domitila alimsikia akilia na akamwonea wivu. Kisha akamwambia abaki, atapata njia, na akakata.

Njia hakuwa nayo. Alikwenda kituo cha mabasi, akaambiwa chuma kirefu hivyo hakiingii shimo la mizigo na juu ya kiti hakipandi. Akauliza wenye magari ya kukodi wawili, wenye namba za Mexico wanaopita kizuizini bila stika. Wa kwanza alicheka. Wa pili alimweleza vizuri: mzigo wa mtu usiyemjua, ndani ya mabomba matupu, kupita forodha? Wakikuta kitu humo ndani, gari linabaki na mimi nabaki. Alikuwa na haki. Hata mimi ningekataa.

Akampigia Goyo. Binamu Goyo ni mtu wa mbuzi, anaongea polepole mpaka unataka kumsaidia kumaliza. Domitila akamuuliza gari la bluu linaendeleaje. Linakwenda, akasema Goyo, linakwenda vizuri, ila halirudi nyuma. Halina gia ya kurudi nyuma tangu mwaka juzi. Ndilo lililompeleka mama makaburini. Ndilo linalowapeleka wote.

Kulileta mpaka darajani haikuwezekana. Polisi wa kizuizini wangeiona stika ya miaka kumi na moja wakalichukua lote. Na likishatoka nje ya Mexico halirudi tena, na La Biznaga ibaki bila gari la kupelekea wagonjwa wala maiti. Domitila aliyapanga hayo kichwani kama mashuka, moja juu ya jingine. Kisha akasema kitu ambacho hata yeye hakujua kwamba alikuwa amekiona siku zote, kila alipopita pale kwa basi na abiria kushushwa, kutembea, na kupandishwa tena mbele.

"Wanazuia magari," akasema. "Watu kwa miguu hawawaombi stika. Njoo usimame upande wako wa kizuizi, nusu kilomita, wasikuone. Mimi nitakuja nao."

Goyo akafikiri kwa muda wa kutosha mbuzi kuvuka barabara.

"Binamu," akasema, "ule ni mzito?"

"Sijui."

"Haya. Natoka sasa hivi basi, maana mlima ule gari halipendi."

Domitila akalala kwenye pikapu, nyuma ya mgahawa wa madereva, na saa tatu asubuhi ya Alhamisi akaiegesha mbele ya gereji ya matairi, hatua mia tatu hivi kabla ya kizuizi. Akamwachia mwenye gereji funguo, godoro na viatu, akamwambia atarudi Jumapili. Mwenye gereji alimsaidia kuutoa msalaba. Walipoufikisha bega la Domitila aliyumba kidogo, akapata mizani, akaanza kutembea.

Sasa wewe unayesikiliza utaanza kutafuta maana, mwanamke na msalaba barabarani, na jua lile. Acha. Yeye hakutafuta. Kichwani mwake mlikuwa na jambo moja: kwamba kutoka kizuizini mpaka La Biznaga ni mwendo wa saa saba kwa gari la bluu, na kwamba saa kumi na moja haisogei. Alitembea pembeni ya lami, sambamba na foleni ya malori. Madereva walimtazama. Mmoja akafanya ishara ya msalaba, mwingine akapunguza redio. Kila baada ya hatua thelathini aliuteremsha, akabadilisha bega, akauinua tena. Bomba lilikuwa limeshika joto na kona yake iliingia kati ya shingo na mfupa.

Afisa wa kizuizini alimwona tangu mbali, akamngojea mikono kiunoni.

"Mama, hicho ni nini?"

"Msalaba."

"Naona. Unaupeleka wapi?"

"Kwa mama."

Akatoa karatasi ya muhuri. Afisa akaisoma yote, mbele na nyuma. Akauliza gari lake liko wapi.

"Gari langu," Domitila akasema, "halijatoka Mexico miaka kumi na moja."

Afisa alimtazama usoni kuona kama anataniwa. Aliona uso usio na kitu. Akagonga lile bomba kwa ufunguo wake, likalia tupu, akamrudishia karatasi, akamfungulia kijia cha waendao kwa miguu. Kilikuwa chembamba, msalaba ukakwama mikono. Ikabidi wauinamishe wawili ndipo upite. Basi forodha ikawa imekwisha, baada ya siku nzima.

Nusu kilomita ya mwisho ndiyo iliyomwelemea. Alipumzika mara nyingi, halafu mara nyingi zaidi. Dereva mmoja wa lori lililokuwa limeshakaguliwa akashuka, akaja bila kuuliza, akaushika mguu wa msalaba, wakatembea. Njia nzima yule mtu alimsimulia habari za matairi yake, namna alivyouziwa mabovu, na Domitila akawa anasema eeh, eeh, ndiyo. Walipofika kwenye gari la bluu, dereva akamsaidia Goyo kuupakia, akajipangusa mikono, akaondoka. Bega la Domitila lilikuwa limechubuka na blauzi imeshikana na damu. Goyo alimwonyesha. Yeye aliangalia, akalivuta shati la Goyo la kuchungia mbuzi kutoka nyuma ya kiti, akajifunika.

Gari la bluu lilijitahidi. Halikurudi nyuma hata mara moja, kwa kuwa halikuweza. Lakini Goyo alikuwa amesema kweli kuhusu mlima, na walisimama mara mbili kulipoza kwa maji. Saa kumi na moja iliwakuta bado wako kwenye vumbi, wanaona mnara wa kanisa la kijiji cha jirani. Domitila alitazama saa. Goyo akasema pengine watangoja. Domitila akamwambia jioni ya tisa haingoji mtu, mama mwenyewe alikuwa anasema hivyo kwa waliochelewa. Ilipotimu saa kumi na mbili na dakika ishirini waliingia La Biznaga, jua likiwa bado juu ya ukuta wa zizi.

Kumbe walikuwa wamengoja, tena kwa ujanja. Mama Cleofas, anayeongoza rozari pale kijijini tangu nikiwa mtoto, alianza saa kumi na moja kamili kama inavyotakiwa, ila litania, ile sala ndefu ya kuitikiana, aliisoma mara tatu. Alipomaliza ya kwanza akasema ameruka mstari. Alipomaliza ya pili akasema sauti za wanaume hazikusikika. Wazee walikuwa wanabadilisha magoti wakimlaani kwa ndani, na hakuna aliyeondoka. Goyo na wanaume wawili wakauingiza msalaba, wakaulaza sakafuni kando ya ule wa chokaa. Domitila akapiga magoti. Chumba kilikuwa kama alivyokiacha mwaka jana, pamoja na kalenda ya duka la mbegu, isipokuwa kitanda hakikuwepo.

Basi ikafika zamu ya kuinua. Msalaba wa chokaa unainuliwa kwa sehemu tano: kichwa, mkono wa kulia, wa kushoto, mguu, na mwisho moyo, pale katikati. Kila sehemu ina mtu wake, na mtu anaitwa kwa jina. Mama Petra alikuwa na watoto watano, hesabu ilikuwa sawasawa. Majirani wanne walikuwa wameshajitolea kushika nafasi za wasiokuwepo, wamevaa vizuri, wanangoja. Domitila akatikisa kichwa.

"Nitainua mimi," akasema.

Mama Cleofas hakubishana naye. Akamkabidhi karata ya kukwangulia na boksi.

"Kichwa. Kwa niaba ya nani?"

"Encarnación."

Akakwangua chokaa polepole, akaijaza boksini, watu wakaimba ubeti mmoja. Mkono wa kulia, Ladislao. Ubeti. Mkono wa kushoto, Fermín. Ubeti. Mguu, Amparo. Sauti yake ilikuwa ileile tangu darajani, sauti ya kujibu dirishani, jina na jibu, jina na jibu. Sakafuni ikabaki chokaa kidogo tu katikati, kama kiganja.

"Moyo," akasema Mama Cleofas. "Kwa niaba ya nani?"

Domitila akafungua mdomo, akawatafuta. Aliwapitia wote kichwani, Chon, Ladislao, Fermín, Amparo, kisha Rosalío, kisha waliokufa, kuona ni nani aliyemtuma na hili. Hakukuwa na mtu. Watu wakadhani hakusikia. Goyo alimwona akiinua mkono akishika bega lililochubuka, akilibonyeza kwa nguvu.

Mama Cleofas akauliza mara ya pili, kwa kuwa bila jina sala haiendelei.

"Mimi," Domitila akasema. "Mimi mwenyewe, mama. Nimekuja mimi. Walinichelewesha." Na hakuwa anamwambia Mama Cleofas.

Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu Jumanne ile, paji la uso likiwa sakafuni, karata imemtoka mkononi. Mwanamke mmoja akanyoosha mkono amwinulie ile sehemu iliyobaki, Mama Cleofas akamzuia. Hakuna aliyeimba wala kuondoka. Chokaa ilibaki pale mpaka alipoweza kuiinua mwenyewe, na haikuwa upesi.